Hicho Kidude Kina Jina: Hotuba kwa Wazazi, Walezi na Walimu kuhusu Msamiati wa Watoto Wadogo

Ndugu wazazi, ndugu walezi, na walimu wenzangu wa elimu ya awali,

Nawashukuru kwa kunipa nafasi hii. Naomba nianze kwa kukiri kosa langu mwenyewe, kwa sababu ndilo lililonifikisha kwenye haya nitakayoyasema. Mwanangu wa pili alipokuwa na umri wa miaka miwili na miezi michache, jioni moja niliiacha simu juu ya kabati ikirekodi sauti, nikaendelea na shughuli kama kawaida: kumwogesha, kumvalisha, kukusanya vitu alivyokuwa amevitawanya sakafuni. Nilitarajia kwamba nikija kusikiliza nitamsikia mwalimu akizungumza na mtoto wake. Nilichokisikia ni mtu mzima ambaye kwa karibu nusu saa alikuwa akisema “lete hicho,” “weka hapo,” “acha hiyo,” “njoo huku,” “si hivyo, fanya hivi,” na mara moja, kwa sauti ya uchovu, “nipe hicho kidude.” Kidude chenyewe kilikuwa kifuniko cha chupa. Mimi niliyekuwa nikishinda mchana kutwa nikiwafundisha watoto wa wenzangu majina ya vitu kwa picha za ukutani, nilikuwa nimeimaliza jioni nzima na mwanangu bila kumtajia hata nusu ya vitu tulivyovishika pamoja.

Baadaye niligundua kwamba lugha yetu yenyewe ina wepesi fulani unaotushawishi kufanya hivyo. Kwa kuwa kila nomino ina ngeli yake, na kila kionyeshi hubeba alama ya ngeli hiyo, mtu mzima akisema “lete kile” amekwisha kusema mengi: hataki ule ufagio, hataki lile beseni, hataki ile sahani, anataka kitu cha ngeli ya KI-VI kilichopo pale. Msikilizaji anayeijua lugha hujazia mwenyewe. Mtoto wa miaka miwili hana cha kujazia. Yeye bado yumo katika kazi ya kutambua ni majina gani yanayoandamana na “kile” na ni yapi yanayoandamana na “lile,” na hawezi kulitambua hilo isipokuwa kwa kusikia jina na kionyeshi vikienda pamoja, mara nyingi, katika vinywa vya watu anaoishi nao: kifuniko kile, ufagio ule, beseni lile. Tunapolidondosha jina, tunamnyima vitu viwili kwa mpigo mmoja, yaani neno lenyewe na sarufi inayolizunguka.

Hoja yangu leo, basi, ni hii: msamiati wa mtoto mdogo hukua pale mtu mzima anapokitaja, kwa neno lake mahususi, kile ambacho mtoto tayari anakitazama au anakifanya, kisha akanyamaza kidogo ili mtoto ajibu. Picha za ukutani zina nafasi yake, wala sitawaambia mzibandue, lakini nafasi hiyo ni ndogo kuliko tunavyodhani.

Kazi hii huanza mapema sana. Mwaka 2012 Elika Bergelson na Daniel Swingley walichapisha utafiti uliofanyika Marekani kuhusu watoto wa miezi 6 hadi 9. Watoto hao walioneshwa picha, huku mzazi akitaja chakula fulani au kiungo fulani cha mwili, na watafiti wakafuatilia mwendo wa macho yao. Ilionekana kwamba watoto ambao hawakuwa wametamka neno hata moja walikuwa tayari wakikitazama zaidi kile kilichotajwa. Kuelewa hutangulia kusema kwa miezi mingi. Watoto wengi hutamka neno la kwanza wanapokaribia mwaka mmoja, na huwa na maneno kama 50 hivi karibu na mwezi wa 18 au baadaye kidogo, lakini akiba ya maneno wanayoyaelewa wakati huo ni kubwa zaidi. Kwa hiyo mzazi anayeniambia kwamba haongei na mtoto wake kwa sababu “bado hajaanza kusema” huwa ameugeuza mpangilio wenyewe kichwa chini miguu juu.

Naomba niwasimulie jaribio moja la zamani ambalo mimi hulipenda kwa sababu ni la kawaida mno. Mwaka 1978 Susan Carey na Elsa Bartlett walieleza jinsi mwalimu wa chekechea alivyomwambia mtoto wa miaka mitatu au minne, katikati ya maandalizi ya kawaida darasani, amletee sinia la rangi ya “chromium,” si lile la buluu, lile la “chromium.” Yalikuwapo masinia mawili tu, moja la buluu na jingine la rangi ya kijani iliyofifia ambayo watoto hawakuwa na jina lake. Hakuna somo lililotolewa, wala hakuna aliyesema “rudieni baada yangu.” Watoto walileta sinia sahihi, na walipopimwa tena siku nyingine, baadhi yao walionesha kwamba kuna kitu kilikuwa kimebaki kichwani: walijua kwamba lile ni neno la rangi, au kwamba rangi ile haiitwi kijani. Kusikia mara moja, ndani ya shughuli yenye maana, kulitosha kufungua mlango.

Nasema kufungua mlango tu, kwa sababu kuingia ndani huchukua muda. Mtoto mmoja darasani kwangu alilipata neno “kuvuja” siku ndoo yetu ilipotoboka. Kwa wiki mbili zilizofuata kila kitu kilikuwa kinavuja: pua inavuja, kikombe kilichopinduka kinavuja, na siku mvua ilipoanza kunyesha alitutangazia kwamba wingu linavuja. Mwalimu mwenye haraka angecheka au angemkosoa. Ukweli ni kwamba mtoto yule alikuwa akipima mipaka ya neno, akijaribu kujua linaishia wapi na neno jirani linaanzia wapi. Tulichofanya ni kumpa hao majirani. Pua inatoa kamasi. Kikombe kimepinduka, maji yamemwagika. Mvua inanyesha. Ndoo inavuja, kwa sababu ina tundu, na ukiliziba haitavuja tena. Neno moja lilikuja na mengine matano nyuma yake.

Sasa, ni nani anayechagua kitu cha kuzungumzia? Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea bila kujua. Tunamwona mtoto amekishika kiatu anakigeuza geuza, nasi tunakuja na kitabu: “Njoo uone, huyu ni tembo.” Mwaka 1986 Michael Tomasello na Michael Jeffrey Farrar waliupima mwenendo huu, wakakuta kwamba watoto wadogo walijifunza vizuri zaidi jina la kitu walichokuwa tayari wanakiangalia kuliko jina la kitu ambacho mtu mzima aliwavuta wakiangalie. Tembo anaweza kusubiri. Kiatu kina soli, kisigino, kamba na matundu ya kupitishia kamba. Kimelegea au kinabana. Kina tope, limekauka, linabanduka. Mtoto amekwisha kutuonesha kwa mikono yake kwamba somo la saa hii ni kiatu, na ni sisi tunaochelewa kufika darasani.

Kidole cha mtoto pia ni swali. Mtoto wa miezi kumi na miwili anapokinyoosha kuelekea kitu na kutoa sauti, huwa anauliza kwa njia pekee aliyo nayo. Jana Iverson na Susan Goldin-Meadow walionesha mwaka 2005 kwamba vitu ambavyo watoto waliviashiria kwa ishara ndivyo ambavyo majina yake yalikuja kusikika baadaye katika maneno yao. Kumjibu mtoto huyo kwa “mh” ni kumwacha bila jibu.

Kuhusu wingi wa maneno, wengi wenu mmesikia habari ya “pengo la maneno milioni 30.” Inatokana na kazi ya Betty Hart na Todd Risley, waliozifuatilia familia 42 nchini Marekani na kuchapisha matokeo yao mwaka 1995, wakikadiria kwamba kufikia umri wa miaka minne watoto wa familia za kipato cha juu walikuwa wamesikia maneno milioni 30 zaidi ya watoto wa familia maskini kabisa. Nawaomba muipokee takwimu hii kwa tahadhari. Familia zilikuwa chache, hesabu yenyewe ni makadirio yaliyonyumbuliwa kutoka saa chache za kurekodi, na mwaka 2018 Douglas Sperry na wenzake walipoangalia jamii nyingine waliona kwamba tofauti ndani ya tabaka moja ni kubwa, na kwamba ukihesabu maneno ya watu wote wanaomzunguka mtoto, pengo halionekani kama lilivyotangazwa. Binafsi sipendi jinsi takwimu ile ilivyotumika kuwasimanga wazazi maskini, kana kwamba upendo na mazungumzo hununuliwa.

Utafiti ulionishawishi zaidi ni ule wa Adriana Weisleder na Anne Fernald wa mwaka 2013, uliofanywa katika familia 29 za kipato cha chini zinazozungumza Kihispania. Familia hizo zilifanana kiuchumi, lakini katika siku moja ya kurekodi mtoto mmoja alielekezewa maneno zaidi ya 12,000, na mwingine maneno 670 tu. Watoto walioelekezewa maneno mengi walikuwa na msamiati mkubwa walipofikisha miezi 24. Maneno yaliyokuwa yakipita juu ya vichwa vyao, watu wazima wakizungumza wao kwa wao, hayakuonekana kuhusiana na msamiati huo. Hapa mjadala ungalipo, kwa kuwa katika nyumba zenye watu wengi mtoto huweza kuchota mengi kwa kusikiliza tu. Hata hivyo, kwangu tofauti kati ya 12,000 na 670 katika nyumba zenye hali moja inatosha kuonesha kwamba jambo hili halipo mfukoni mwa mtu.

Niingie sasa katika sehemu ninayoiona kuwa na utajiri mkubwa kuliko zote, nayo ni vitenzi. Vitabu vingi vya watoto ni vitabu vya nomino: mpira, nyota, paka. Kiswahili, hata hivyo, huweka hazina yake kwenye vitenzi, na mahali pazuri pa kuichimbua hazina hiyo ni kwenye beseni la maji. Zipo lugha zinazotumia kitenzi kimoja kwa mwili, sahani na nguo. Sisi tumegawa: mikono na uso tunanawa, mwili tunaoga, vyombo tunaosha, nguo tunafua, povu tunalisuuza, mdomo tunausukutua. Kisha kuna yale yanayofanywa na maji yenyewe: yanajaa, yanafurika, yanamwagika, yanachuruzika, yanadondoka, yanatuama, yanakauka. Na kuna yale tunayoyafanyia: tunayachota, tunayamimina, tunayachuja, tunachovya kitambaa, tunaloweka nguo, tunazikamua, tunazianika, na zikikauka tunazianua. Nimekutana na watoto wa miaka mitano wanaotumia “osha” na “weka” kwa karibu yote haya. Hakuna aliyefanya kosa la kuadhibiwa hapo, lakini mtoto anayejua kutofautisha kuchota na kumimina anaona vitendo viwili pale ambapo mwenzake anaona kimoja.

Acheni niwaoneshe inavyokuwa. Mtoto wa miaka miwili amesimama kando ya beseni. Anapiga maji kwa kiganja, yanaruka ukutani. Anasema, “Maji!” Mlezi asiyefikiri angesema, “Acha.” Mlezi ninayemsema mimi anatazama pale mtoto anapotazama, na kusema polepole, “Maji yamekuruka usoni, na mengine yanachuruzika ukutani. Ona, yanachuruzika.” Kisha ananyamaza. Kunyamaza huku ni kugumu kuliko kusema. Mimi huhesabu kimoyomoyo hadi tano, na mara nyingi hujikuta nataka kukata kwenye tatu. Mtoto anafuata mchirizi kwa kidole mpaka chini. “Uzika,” anasema. “Ndiyo, yanachuruzika mpaka sakafuni. Sasa sakafu imelowa chepechepe. Tuipanguse kwa kitambaa?” Mtoto analeta kitambaa, anakitumbukiza chote ndani ya beseni. “Chubwi!” anasema mlezi, “umekichovya. Haya, tukikamue.” Katika dakika hiyo moja hakuna swali la mtihani lililoulizwa, hakuna picha iliyoinuliwa, na mtoto amesikia vitenzi visivyopungua vinne huku vikitendeka chini ya macho yake.

Mmeona nimetumia “chubwi” na “chepechepe.” Nawasihi msizidharau tanakali za sauti kwa kudhani kwamba ni lugha ya mzaha. Nchini Japani, ambako lugha pia ina utajiri mkubwa wa maneno ya aina hii, Mutsumi Imai na wenzake walionesha mwaka 2008 kwamba watoto wa miaka mitatu walijifunza vitenzi vipya kwa urahisi zaidi pale sauti ya neno ilipofanana na kitendo chenyewe. Kitenzi ni kigumu kukamata kwa sababu kitendo hupita. Kiti husubiri utakapokitaja, lakini kuanguka kumekwisha kabla hujamaliza sentensi. Kuanguka “pu,” kujaa “pomoni,” kukaa kimya “ji,” kuwa nyeupe “pe”: viambatanisho hivi vidogo humsaidia mtoto kujua ni sehemu gani ya tukio tunayoizungumzia.

Tena vitenzi vyetu huzaa. Mfundishe mtoto “kunja” wakati mnakunja shuka, naye atalipokea. Lakini mkilikunjua tena mbele yake na kusema “tunalikunjua,” utakuwa umempa ufunguo wa chumba kizima. Funga na fungua, ziba na zibua, funika na funua, anika na anua. Kisha zije nomino zinazotokana nazo: kinachofunika ni kifuniko, kinachoziba ni kizibo, tunachofungulia ni ufunguo, tunachofagilia ni ufagio. Mtoto akishaliona umbo hilo, ataanza kulitumia mwenyewe, na ndipo mtakaposikia maneno ambayo hayamo katika kamusi yoyote. Mmoja aliniomba “niwashue taa,” akimaanisha niizime, kwa kuwa kama kunja hukunjuliwa, kwa nini washa isiwashuliwe? Mwingine alikiita kisu “kikatio.” Jean Berko, katika utafiti wake maarufu wa mwaka 1958, aliwapa watoto wanaozungumza Kiingereza maneno ya kubuni kabisa na kuwaomba wayaweke katika wingi, nao wakafanya hivyo bila kuwahi kuyasikia kabla. Kosa la “washua” ni la ukoo huo huo: mtoto ameacha kuwa kasuku, ameikamata kanuni. Jibu linalofaa ni kumrudishia sentensi yake ikiwa imenyooka, bila kumwaibisha: “Unataka niizime taa? Haya, naizima.” Vivyo hivyo akisema “kiti hii,” mwambie, “Ndiyo, kiti hiki kimevunjika mguu.” Mtoto anayesahihishwa kwa ukali kila akifungua kinywa hujifunza jambo moja upesi sana, nalo ni kukifunga.

Kuna kundi jingine la maneno ambalo tunalisahau kwa sababu halishikiki kwa mkono. Mtoto anayelia huambiwa “usilie” au “una nini?” na akikosa neno la kujibu huendelea kulia. Kiswahili kina kukasirika, kuudhika, kununa, kususa, kuona wivu, kuona aibu, kuogopa, kushtuka, kukata tamaa. Mtoto wa miaka mitatu anaweza kabisa kulijua neno “kususa” ikiwa mtu atamwambia kwa upole, siku anapogeuza mgongo na kukataa mchezo, “Naona umesusa kwa sababu mwenzako ameanza kabla yako.”

Nije kwenye vitabu. Mazungumzo ya nyumbani, hata ya wasomi, huzunguka kwenye maneno yale yale machache. Donald Hayes na Margaret Ahrens walilinganisha mwaka 1988, kwa lugha ya Kiingereza, wakakuta kwamba vitabu vya watoto vina maneno adimu mengi kuliko mazungumzo ya kawaida ya watu wazima waliosoma hadi chuo kikuu. Kwa hiyo kitabu huleta maneno ambayo vinginevyo yasingekanyaga nyumbani kwetu. Namna ya kusoma, hata hivyo, ina uzito wake. Mwaka huo huo wa 1988 Grover Whitehurst na wenzake waliwafundisha wazazi wasome kwa kumshirikisha mtoto, yaani waulize maswali yasiyojibiwa kwa ndiyo au hapana, wayarefushe majibu ya mtoto, wampe nafasi ya kusimulia. Na katika mwezi mmoja tu watoto hao walikuwa wamewapita katika usemaji wenzao waliosomewa kama ilivyozoeleka.

Angalieni maswali yenu. “Hii ni nini?” ni swali ambalo muulizaji analijua jibu lake, na mtoto analifahamu hilo. Likiulizwa mara moja moja halina ubaya, likiulizwa katika kila ukurasa linageuza kitabu kuwa karatasi ya mtihani. Jaribuni “kwa nini unadhani amejificha?” au “sasa atatokaje humo?” Mtoto akijibu kwa neno moja, “kamba,” mrudishieni likiwa limevaa: “Atashuka kwa kamba. Ataifunga wapi ili isifunguke?” Na mtoto anapokuletea kitabu kile kile kwa usiku wa tisa mfululizo, najua mnavyochoka, nami nimechoka hivyo hivyo, lakini msomeeni. Jessica Horst na wenzake walionesha mwaka 2011 kwamba watoto wa miaka mitatu waliosomewa hadithi zile zile kwa kurudiwa walijifunza maneno mapya vizuri zaidi kuliko waliosikia maneno hayo hayo, kwa idadi ile ile, katika hadithi tofauti tofauti. Mtoto akishajua kisa kinakwenda wapi, akili yake hupata nafasi ya kushughulika na maneno. Nyumba isiyo na vitabu inaweza kutumia picha yoyote, hata zilizopo kwenye simu: kaeni na mtoto mtazame picha za siku iliyopita, msimuliane nani alikuwa wapi na nini kilitokea kabla na baada.

Simu hiyo hiyo nitaisemea jambo moja tu, maana limesemwa mno. Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake waliwachukua watoto wa miezi 9 kutoka nyumba zinazozungumza Kiingereza na kuwapa vipindi 12 vya kuisikia lugha ya Kichina. Waliochezewa na kusomewa na mtu aliyekuwapo mbele yao walijifunza kutofautisha sauti za lugha ile. Waliosikia na kuona mtu huyo huyo kwenye runinga hawakujifunza. Skrini haifuati macho ya mtoto, wala haijui kwamba ameangusha kijiko. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, halipendekezi skrini kabisa kwa watoto walio chini ya miaka miwili, na kwa wa miaka miwili hadi minne linataka isizidi saa 1 kwa siku.

Wapo wanaoniuliza kama lugha mbili nyumbani zitamchanganya mtoto. Barbara Pearson na wenzake walieleza mwaka 1993 kwamba ukihesabu maneno ya mtoto katika lugha zake zote mbili kwa pamoja, akiba yake inalingana na ya wenzake wenye lugha moja. Makosa hutokea kwa anayehesabu nusu tu. Ushauri wangu ni kwamba kila mlezi azungumze lugha anayoimiliki, ile anayoweza kuchekea, kukaripia na kubembelezea ndani yake, kwa sababu mzazi anayejilazimisha kwenye lugha asiyoimudu hurudi upesi kwenye “leta hii, weka hapo,” safari hii kwa lugha ngeni.

Mwisho ni habari ya watoto wanaochelewa. Watoto hutofautiana sana, na wengi wanaochelewa huja kuwafikia wenzao. Lakini kungoja bila kuchunguza ni kucheza pata potea. Mtoto asiyeashiria kwa kidole wala kwa ishara yoyote anapokaribia miezi 15, asiyekuwa na neno hata moja akiwa na miezi 18, au asiyeunganisha maneno mawili, kama “maji yamemwagika,” akiwa na miaka miwili, apelekwe kwa mtaalamu wa afya; na mtoto wa umri wowote anayepoteza maneno aliyokuwa nayo apelekwe bila kuchelewa. Cha kwanza kupimwa kiwe masikio. Ute unaojikusanya nyuma ya ngoma ya sikio baada ya mafua ya mara kwa mara unaweza kupunguza usikivu kwa wiki kadhaa, ukaisha, ukarudi, huku mtoto akionekana mkaidi tu asiyeitika. Mnapokwenda huko, msiseme tu “haongei.” Andikeni kwa muda wa wiki moja kila neno analolisema na kila analolielewa, na namna anavyoonesha anachokitaka: anavuta mkono, anaelekeza macho, anatoa sauti gani. Orodha hiyo itamsaidia mtaalamu kuliko kumbukumbu ya papo kwa hapo, na nimewaona wazazi wakishangaa, wanapoiandika, jinsi mtoto wao alivyo na mengi ambayo hayakuwa yakisikika.

Nimeziacha dakika ishirini kwa ajili ya maswali. Naomba tuanze na wale wenye watoto ambao bado hawajatamka neno.